Oili Ambayo Baba Hakuiamini

Baada ya mama kufariki, baba alihamia kwangu Kasingirima, akawa hatoki chumbani. Kazi yangu ilikuwa ya safari kila wiki, na nilishachoka kumwaga oili ya gari na kuweka mpya mara kwa mara. Fundi wangu wa mtaa wa Mwanga akanishauri niweke ya sintetiki, inayodumu zaidi. Baba, aliyehudumia injini za boti ziwani miaka mingi, alipinga.

"Mwanangu, utaua injini."

Niliiweka hivyo hivyo. Kesho yake asubuhi nilimkuta nje, amefungua boneti, anaisugua oili vidoleni.

"Haijaharibika bado," alisema kwa kinyongo.

Akawa anaipima kila asubuhi, nasi tukazoea kunywa chai pale kando ya gari.