Mwanamke Anayelinganisha Ngome Nne

Saa mbili kamili asubuhi, kabla hajawasha skrini hata moja, anavua hereni zake nyekundu na kuzitia mfukoni. Kisha anajifunga kitambaa cha kijivu kichwani, anavuta pazia la kijivu na kukaa kwenye kiti cha kijivu. Kuta nazo ni za kijivu. Ukifika hapa na shati la njano hupiti mlangoni mpaka uvae koti la kijivu lililotundikwa pale kwa ajili ya watu wa aina yako. Mwandishi wa makala haya alivalishwa koti.

"Rangi ya nguo inaruka mpaka kwenye skrini," anasema bila kugeuka. "Mtu akija na shati kama hilo lako, naanza kuona ngome nzima ina homa ya manjano."

Wenzake wanamwita Jicho. Ana miaka arobaini na miwili, na katika karakana hii ya kutengeneza michezo ya video ana kazi moja tu: kulinganisha. Kila picha ya gemu mpya inawekwa mbele yake, kando ya picha za gemu zilizotangulia, naye aseme kama ile ni nchi ileile au ni nchi nyingine iliyoazima jina.

Leo ni Jumanne. Saa sita mchana gemu ya nne ya *Njia ya Ngome* inatakiwa kutumwa kwa kampuni itakayoiuza. Mezani kuna karatasi yenye visanduku viwili, kimoja kimeandikwa "Ipite" na kingine "Isimame". Karatasi hiyo imekaa pale siku kumi na moja bila alama yoyote.

"Kuna kitu hakipo," anasema Jicho. "Nakihisi, ila sikioni. Na kwa kuhisi peke yake hakuna anayenilipa."

*Njia ya Ngome* ni hadithi ya msafiri mmoja anayetembea kutoka kushoto kwenda kulia, kupitia misitu, vinamasi na miji iliyohamwa, kuelekea ngome ambayo aliyeingia hajatoka. Hakuna vita vya kila dakika wala majitu ya kurukaruka. Waliozoea mchezo huu wanaupenda kwa sababu moja: unawatia woga polepole, na hawajui woga umeingilia wapi.

Jicho anafungua skrini nne kwa mpigo. Mwandishi anatazama, anaona ngome nne. Mwenyeji wetu anacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyepata usingizi wa saa tatu tu.

"Ya kwanza hii ilichorwa kwa mkono," anaeleza. "Rangi hazifiki hata kumi. Kahawia, kijani cha maji yaliyotuama, nyeupe kidogo kama mfupa. Umaskini wa rangi, lakini angalia unavyokubana. Ya pili wakapata mashine nzuri zaidi, wakaongeza mvua na mawe ya bluu. Baridi inaingia mpaka kwenye magoti. Nchi ni ileile, imezeeka tu."

Anapofika kwenye ya tatu, sauti inashuka.

"Hii niliipitisha mimi. Majani yake masafi kupita kiasi, kama ya plastiki. Niliona, nikajiambia labda ni macho yangu, wataalamu wote wameridhika, mimi ni nani. Nikatia alama."

Wanunuzi hawakuridhika. Waliandika kwamba nchi yao ya kutisha imegeuzwa duka la vitu vya watoto. Gemu haikuuzika, na watu tisa wa karakana hii walimwaga unga. Mmoja alikuwa rafiki yake wa kula naye mchana. Hadi leo wakikutana barabarani wanasalimiana kwa mkono tu, salamu ya haraka, kila mmoja na njia yake.

Ndiyo maana safari hii kalamu imekuwa nzito. Uzito wa pili uko kwenye kompyuta ya chumba cha pili. Mwezi uliopita karakana ilinunua programu ya kupima rangi na mwanga, na programu hiyo imeipa gemu ya nne alama tisini na nane kwa mia. Mkataba wa Jicho unakwisha mwisho wa mwezi.

Bosi wake, mwanamume mpole anayesugua miwani yake hata ikiwa safi, haoni haja ya kuficha. "Mimi sina ugomvi naye," anasema. "Lakini akisema isimame, aniambie kwa nini. Akishindwa kuniambia, nitawaelezaje wenye fedha zao kwamba nina mashine inayojibu kwa sekunde nne, na bado nalipa mtu wa kuniambia anahisi?"

Jicho hakusomea sanaa. Kulinganisha alijifunzia kwenye gereji ya kaka yake, fundi anayejulikana mtaani kwa jina la Bampa. Huko alikuwa anachanganya rangi za magari yaliyogongwa, ili mlango mpya ufanane na ubavu wa zamani uliopigwa jua miaka kumi. Rangi ilipokuwa ikikauka, yeye na kaka yake walikaa chumba cha nyuma wakicheza gemu kwenye mashine ya mitumba. Miaka minane iliyopita bosi wa karakana alileta gari lake la rangi ya fedha, lililobondwa mlango. Alipokuja kulichukua alilizunguka mara tatu asijue mlango uliotengenezwa ni upi. Akauliza nani kafanya kazi hii.

"Nikadhani nimeharibu gari la watu," anakumbuka Jicho. "Nilijificha nyuma ya pipa la tina, ile ya kuzimulia rangi."

Saa nne na nusu. Amefanya kila anachokijua. Amezigeuza picha kichwa chini. Amefumba jicho moja, akafumba la pili. Kila baada ya dakika ishirini amekaa akitazama kitambaa kitupu ili macho yapumzike. Ametoka mpaka mwisho wa ukumbi akazitazama kwa mbali, huku watu wakimpisha kama anayebeba maji ya moto. Kijani ni kijani kilekile. Jiwe ni lilelile. Woga haupo.

Mlango unafunguliwa. Anaingia fundi wa mwanga, kijana mrefu aliyetumia miezi minane kutengeneza jua la gemu hii. Katika gemu ya nne jua linachomoza, linatembea angani na kuzama, na kila jani linatupa kivuli panapostahili. Hakuna gemu iliyotangulia yenye kitu kama hicho. Koti la kijivu amelivaa mkono mmoja.

"Dada, naomba kujua kitu kimoja," anasema. "Umekaa na kazi yangu siku kumi na moja. Kosa liko wapi?"

"Sijalipata."

"Kwa hiyo halipo."

"Sijasema halipo."

"Basi sema liko wapi! Watu thelathini na wanne wako pale nje roho juu. Mke wangu kajifungua juzi, dada. Nimemwona mtoto kwa simu."

Jicho anarudi kutazama skrini ya nne. Pengine hilo ndilo linalomtoa kijana kwenye mstari, maana anaigeukia skrini ya kwanza na kuinyooshea kidole kana kwamba imemtukana.

"Unalinganisha kazi yangu na hii? Hii ambayo hata jua lake halijulikani liko wapi? Tazama! Asubuhi kivuli kiko kulia. Mchana kulia. Jioni, jua linazama kulekule kulia, na kivuli bado kiko kulia! Mtoto wa shule ya msingi angejua kwamba hii ni kazi mbovu."

Jicho anasimama taratibu.

"Rudia."

"Nirudie nini? Samahani, dada, nimepandisha sauti..."

"Sauti achana nayo. Rudia kivuli."

Kijana anarudia, safari hii kwa woga. Jicho anakimbilia skrini ya pili: kivuli kulia. Ya tatu, pamoja na uplastiki wake wote: kulia. Anarudi ya nne. Vivuli viko kila upande, kila kimoja sahihi kwa saa yake.

"Msafiri anakwenda wapi?" anauliza.

"Kulia. Ngomeni."

"Na kivuli chake?"

Fundi wa mwanga anakifuata kivuli kwa kidole kwenye skrini ya kwanza. Koti linamdondoka begani, hakuna anayeliokota.

"Kinamtangulia," anasema hatimaye.

"Miaka yote hiyo kinamtangulia! Wewe bado uko mbali, chenyewe kimeshafika mlangoni. Ndiyo maana mtu anaogopa na hajui anaogopa nini." Jicho anajipiga paji la uso. "Na mimi mpiga rangi mzima! Gari la rangi ya fedha unaweza kulipatia rangi ileile, kopo lilelile, lakini ukipuliza kutoka upande mwingine, likitoka juani mlango unakusuta. Siku kumi na moja natazama rangi, kumbe ni mpulizo."

Ni saa tano na dakika tano. Bosi anaitwa. Anasikiliza, anasugua miwani, kisha anakaa kwenye kiti cha kijivu bila kukaribishwa. Yeye alikuwepo gemu ya kwanza ilipotengenezwa. Anasema mchoraji wa wakati ule alikuwa akijenga vibanda vya boksi, anavipanga mezani na kuchora anachokiona. Dirisha la chumba lilikuwa kushoto. Meza ilikuwa nzito, haikuhamishwa hata siku moja. Waliofuata waliiga picha zake, na bila kujua wakaiga dirisha.

"Hakuna aliyepanga," anasema bosi. "Lilikuwa dirisha tu."

Kinachobaki ni kulisimamisha jua. Fundi wa mwanga anakaa kwenye kompyuta na kulifungia kushoto, chini kidogo, lisipande wala lisizame. Miezi minane ya kazi yake inazimwa kwa robo saa. Jicho anasimama nyuma ya kiti chake, na mara moja tu anamshika bega. Kijana hajitikisi.

Saa tano na dakika arobaini programu inaipima gemu upya. Alama: sabini na moja.

Bosi anaitazama namba hiyo. Programu inaona kosa kila mahali: vivuli haviendani na saa, jua limekwama. "Hii ndiyo watakayoiona wale wa kampuni," anasema. "Sabini na moja. Nikituma hivi wakikataa, siyo wewe peke yako, dada. Tunafunga milango."

"Najua."

"Una hakika?"

"Ile ya tatu sikuwa na hakika, nikatia alama," anasema Jicho. "Leo nina hakika, na ninaogopa zaidi kuliko siku ile."

Anachukua kalamu. Anatia alama kwenye "Ipite". Gemu inatumwa saa sita kasoro dakika mbili, na kila mtu chumbani anatafuta pa kuweka mikono.

Jibu litakuja Ijumaa. Kwa sasa Jicho ameruhusiwa kubeba nakala ya majaribio kwenye kompyuta ya mkononi, kwa sharti irudi kesho asubuhi. Saa kumi na moja jioni anaifikisha kwenye gereji ya kaka yake. Amevaa hereni zake.

Bampa, kilo mia na ushee, kijiti mdomoni, ametoka kunawa. Kwake yeye dada mtu huyu anaenda kazini kutazama katuni, na amelisema hilo mbele ya wateja miaka minane mfululizo.

"Lete hizo katuni zako tuzimalize, nina njaa," anasema, na kujitupa kwenye kiti cha gari kilichong'olewa. Anashika padi ya kuchezea. Dakika kumi za mwanzo ni utani mtupu. Msafiri anatembea kama ana deni. Huyu fundi aliyejenga daraja hili ashitakiwe. Kinamasi kikipita, maneno yanapungua. Msitu ukiisha, hakuna utani tena.

Lango la ngome liko wazi kidogo. Msafiri yuko hatua ishirini nyuma, lakini kivuli chake kimeshafika. Kinaugusa mlango, kinaupanda, na kichwa chake kinapotelea ndani kwenye giza. Bampa anaondoa kidole kwenye kitufe. Kijiti kimeacha kucheza mdomoni.

"Mdogo wangu, hebu shika wewe kidogo," anasema. "Nikanawe mikono."

"Si umenawa sasa hivi?"

"Rangi haijatoka vizuri."

Anatoka. Jicho anaipokea padi na kumgeukia mwandishi, macho yamelowa, uso unacheka. Anasema Ijumaa wakikataa atarudi hapahapa kupiga rangi milango, na hatamlaumu mtu. Wakikubali, ataomba kitu kimoja tu: kiti cha pili kwenye kile chumba cha kijivu.

"Cha yule kijana wa mwanga. Nataka ajifunze hii kazi nikiwa bado naona vizuri. Halafu nataka kila nikikwama anigombeze vilevile."

Kutoka bombani, sauti ya Bampa inaingia, imepungua ukubwa wake wa kawaida.

"Kimeshaingia?"

"Nini, kaka?"

"Hicho kivuli. Kimeshaingia chote?"

"Bado miguu."

Maji yanaendelea kumwagika, na Bampa harudi.