Baraza la Uvira Lililoko Karolina

Leo nimemdanganya mama mkwe wangu. Msinihukumu bado.

Nimetoka duka la mitumba hapa Malton, huku ughaibuni tunakoishi, na kitabu cha picha za kale: majumba ya wakoloni kusini mwa Marekani.

Mama akafunua, machozi yakamlengalenga. "Hii ni nyumba ya misioni kwetu Uvira. Baraza hili nimelifagia."

Chini ya picha imeandikwa Karolina Kusini.

Mngefanyaje? Nikaziba maandishi kwa kidole gumba. "Ndiyo, Mama, ni yenyewe."

Akasimulia weee, mpaka kidole kikafa ganzi.

Kisha akasema taratibu, "Baba Neema, toa kidole. Nilikuwa mwalimu, nilishasoma kabla hujaziba. Lakini humu ndani nani huniuliza habari za Uvira?"

Nikakitoa. Nikamuuliza.

Chai imepoa, na sasa naijua Uvira kuliko anavyoijua binti yake niliyemuoa.