Nilimkataa Daktari Aliyemsikia Mume Wangu

Jina langu msilitafute. Kosa ni langu, lote, simsingizii shetani wala ugonjwa.

Mume wangu amepoteza kumbukumbu. Ilianza kidogo kidogo: kusahau jembe shambani, kuuliza habari za watu waliokufa zamani. Sisi ni wakulima wa huku kijiji cha Wema, kando ya Mto Tana, mahindi na ndizi. Nikasema ni uzee tu. Halafu siku moja akaniuliza, kwa adabu kabisa, "Mama, wewe ni wa nyumba gani?" Mimi! Niliyemzalia watoto sita!

Nikampeleka kliniki moja Garsen. Tukaingia kwa daktari kijana, kumbe ni Muorma, wale wafugaji! Jamani, acha niseme ukweli ulivyo. Kaka yangu aliuawa wakulima na wafugaji walipopigana, na tangu hapo nilikuwa sinunui hata maziwa yao.

Sasa mume wangu ni Mpokomo kama mimi, ila mama yake alikufa yeye akiwa mchanga. Akalelewa na Waorma, marafiki wa baba yake, waliokuwa wakibadilishana maziwa na mahindi. Mpaka anafika umri wa shule hakuwa na lugha nyingine. Ugonjwa ulipofuta mengine yote, Kiorma ndicho kikarudi. Nyumbani hakuna aliyekielewa. Watoto walidhani ana pepo.

Yule daktari akamsikiliza, akamjibu kwa Kiorma. Mume wangu akacheka! Miezi mingapi sijamwona akicheka! Wakaongea weee. Akamminyaminya tumbo, akampima presha, kisha akanigeukia.

"Mama, ugonjwa huu hauponi, lakini mzee anaweza kuishi nao vizuri. Usimpe dawa za kumlaza, zitamharibu. Mlete kila mwezi, mimi nitakuwa nazungumza naye."

Unafikiri nilishukuru? Nilijaa wivu na hasira. Nikajiambia, huyu anataka kumrudisha mume wangu kwa watu wake. Ujinga gani huo! Nikamshika mzee mkono, nikatoka naye bila hata kuaga.

Nikaenda kwa daktari wetu. Naita wetu kwa sababu ni Mpokomo, ana duka la dawa, na tunasali na kuimba naye kwaya. Hata hakumgusa. Aliniuliza mimi, nikajibu mimi: hatulii, anarandaranda, anapiga kelele. Akanipa vidonge vya kumtuliza. Nikarudi nyumbani nimefurahi!

Akatulia kweli, siku mbili tatu. Kisha akaanza kulia mchana kutwa, ameshika chini ya kitovu, akirudia maneno yale yale ya Kiorma. Nguo zinalowa kila saa. Nikaona anajikojolea ovyo, nikamgombeza, nikampunguzia maji ya kunywa. Nikarudi kwa daktari wetu, akaongeza vidonge. Nikampa. Kwa mikono yangu hii!

Siku ya tisa ya kilio hicho, mama mmoja wa Kiorma, Halima, alikuwa anapita na dumu lake la maziwa. Akasikia kile kilio, akaingia bila hodi. Akachuchumaa mbele ya mume wangu, akamsikiliza, kisha akaniangalia kwa macho makali.

"Mama, huyu mzee si wazimu. Yeye nasema mkojo nafunga. Nasema tumbo nataka pasuka. Nasema, watu wangu, nisaidieni. Wewe hapana sikia?"

Siku tisa, jamani! Ananiomba msaada, na mimi namjaza vidonge!

Halima mwenyewe akaita pikipiki, akakaa nyuma kumshikilia, mimi nikafuata kwa nyingine. Hospitali wakamwekea mpira wa kutolea mkojo. Mkojo uliotoka, Mungu wangu, sijui aliubebaje! Wakanieleza kwamba vile vidonge ndivyo vilivyoufunga, na kule kulowa kulikuwa ni kibofu kilichojaa mpaka kinafurika. Figo zimeumia. Wanasema zikichoka zaidi, hakuna la kufanya.

Nikamtafuta yule daktari kijana nimpigie magoti. Amehamishwa. Na jina lake sikuwahi kuliuliza!

Sasa mume wangu yuko kitandani na mpira wake. Halima anakuja asubuhi, amenifundisha kuuliza kwa Kiorma, "Unaumwa wapi?" Namuuliza kila siku. Ananitazama tu. Halima naye akimsemesha, ni vile vile. Nimechanganyikiwa, sijui nishike lipi!

Wewe unayesoma, una mume au mke aliyeanza kusahau, nakuomba kwa machozi. Usichague daktari kwa kabila, wala kwa sababu mnaimba naye kwaya. Tazama kama anamgusa mgonjwa. Tazama kama anamsikiliza mwenyewe au anakusikiliza wewe tu. Ukimpata anayemsikiliza, mng'ang'anie, hata kama ni mtoto wa mtu usiyemsalimia! Na ufanye haraka, mgonjwa wako angali anasema. Wangu amenyamaza.