Maji Magumu ya Mgogo

Mimi ni Mgogo, na ujana wangu niliumalizia Tabora nikifanya kazi ya serikali ya Mwingereza. Anayeujua utani wa Wagogo na Wanyamwezi ameshaanza kucheka. Asiyeujua nimweleze. Zamani babu zao Wanyamwezi walibeba mizigo ya misafara kutoka Tabora hadi pwani, na njia ilipita kwetu. Kwetu ni kukavu, basi babu zetu wakawa wanawatoza shanga na nguo kabla ya kuwaruhusu kusogelea visima. Magomvi yalipoisha ukabaki utani. Mnyamwezi akinikuta nakula, ana ruhusa ya kuninyang'anya sahani. Yeye akifiwa, mimi naweza kushuka kaburini nikajilaza humo, nikagoma kutoka mpaka nipewe kitu. Tunatukanana hadharani, na kukasirika ni marufuku. Anayemkasirikia mtani wake watu humwona hana adabu.

Raha, ee? Raha kweli, mpaka siku utakapotaka kuoa kwao.

Kazi yangu ilikuwa kufasiri kwenye gari la sinema. Tulikuwa wawili, dereva na mimi. Tulizunguka vijijini, tunasimamisha nguzo mbili, tunatandaza shuka jeupe, dereva anawasha jenereta, mimi nashika kipaza sauti na kuwaeleza watu wanachokiona. Mbu anayeleta malaria, namna ya kukausha tumbaku, Malkia anapunga mkono. Picha zenyewe zilisema Kiingereza, lakini hakuna aliyezisikia, maana mimi nilisema kwa sauti kubwa zaidi.

Katika kijiji kimoja kilichokaa kwenye ile njia ya misafara, mwendo wa asubuhi nzima kwa baiskeli kutoka Tabora, kulikuwa na binti aliyesaidia kazi ya ukunga katika zahanati. Siku ya picha ya mbu alisimama karibu na gari, nami nikasema kwa kipaza sauti kwamba mbu huyu hutaga mayai kwenye maji masafi. Akanivuta shati. "Hujui kitu," akaniambia. "Sema maji yaliyotuama." Nikasema maji yaliyotuama. Nilipomtazama vizuri, nikajikuta sina hamu tena na mbu wala Malkia.

Baba yake alikuwa mzee wa kanisa, mkulima wa karanga, mtu mwenye sauti nzito na kicheko kizito zaidi. Baba wa baba yake alikuwa mpagazi, na yeye hakuacha kunikumbusha. Kila nilipofika uani kwake nikaamkia, "Shikamoo baba," hakuniitikia marahaba mpaka kwanza awaite jirani: "Njooni! Mgogo amekuja, ficheni vyakula!"

Nilimpeleka dereva wetu awe mshenga. Dereva ni Mnyamwezi, mtu mzima, anajua taratibu. Alikaa chini, akaanza kwa heshima kwamba ametumwa na kijana fulani, anafanya kazi ya serikali, ameona ua katika boma hili. Mzee akauliza kijana huyo ni nani. Dereva akasema ni Mgogo wa sinema. Basi! Mzee alicheka mpaka akakohoa, akapigwapigwa mgongoni. Akamchinjia dereva kuku kwa furaha aliyompa, na wakati wa kuondoka akamfungia ganda la muhogo kwenye jani: "Mpelekee mtani wangu. Mwambie posa nimeipokea, na hiki ndicho chakula cha harusi."

Dereva alirudi ameshiba. Mimi nilibaki na ganda.

Nikaenda mwenyewe. Nikasema, "Baba, mimi sitanii." Akacheka zaidi. Maana mtani yeyote anayejua kazi yake huanza hivyohivyo, kwa kusema hatanii. Nikakunja uso, akawaita jirani waje waone Mgogo alivyokunja uso. Nilikaribia kulia, haki ya Mungu, na ningelia wangenipigia makofi. Hivyo ndivyo mwaka ulivyopita. Nilimtaka yule binti kwa moyo wangu wote, yeye mwenyewe alijua, mama yake alijua, kuku wa pale uani nadhani walijua, ila baba yake tu ndiye aliyejua kwamba nafanya mzaha.

Halafu akatokea karani mmoja wa stesheni, Mnyamwezi mwenzao, suruali imepigwa pasi mpaka inakata. Alipopeleka posa, mzee hakucheka hata kidogo. Akasema, "Nitafikiri." Binti ndiye aliyenisimulia.

"Baba amesema atamjibu baada ya ibada, Jumapili ya mwisho wa mavuno," akaniambia. "Fanya jambo."

"Nifanye nini? Nikisema kweli anacheka."

"Basi mwambie jambo lingine la kweli. Aone kwanza kwamba mdomo wako unaweza kutoa kweli."

Shauri zuri. Na jambo la kweli lilikuja wiki ileile, limefungwa ndani ya kopo la bati pamoja na picha za tumbaku.

Tulikuwa hatuangalii picha kabla ya kuzionyesha, mafuta ya jenereta hayakuruhusu. Kwa hiyo nilisimama mbele ya kijiji kizima, mzee wangu amekaa kiti cha mbele kabisa, bila kujua kinachokuja. Ikaja nchi nyeupe. Halafu uwanja mweupe unaong'aa, na wanaume wamevaa kama wanaokwenda kuvuna asali ya nyuki wakali, kila mmoja na gongo lake. Wanateleza! Wanakwenda mbele, wanakwenda kinyumenyume, hawanyanyui miguu. Kwa kile Kiingereza cha picha nikakamata mambo machache: ni mashindano ya mataifa, bingwa wa dunia anatafutwa, wale ni Wakanada, wale Waswidi. Na wanacheza juu ya barafu.

Magongo tuliyajua. Wahindi wa reli waliyacheza kila Jumamosi kwenye uwanja wa vumbi pale Tabora. Tatizo lilikuwa huo uwanja.

"Ndugu zangu," nikasema, "hayo mnayoyaona ni maji. Kule kwao kuna baridi kali, maji yanaganda, yanakuwa magumu kama sakafu ya saruji. Watu wanasimama juu yake. Viatu vyao vina visu chini."

Ikaja ile sauti nzito kutoka kiti cha mbele: "Mgogo! Wewe maji magumu umeyaonea wapi? Kwenu hata maji mepesi hamna!"

Wacha bwana! Watu waligaragara chini. Mama mmoja alimwangusha mtoto mgongoni, akamwokota, akaendelea kucheka. Mimi nashikilia kipaza sauti, "Ni kweli jamani, ni kweli," na kila nikisema ni kweli wanaanza upya.

Kule kwenye shuka mambo yakachafuka. Mkanada akamgonga Mswidi kwa bega mpaka ukutani, Mswidi akainuka akamvua kofia na kumpiga ngumi. Wenzao wakajaa, magongo yakatupwa, watu wakavutana fulana. Golikipa naye, na magodoro yake miguuni, akaja taratibu kujiunga. Kijiji kikaacha kucheka. Wazee wakauliza kwa nini polisi hawaji. Halafu picha ikaruka, mchezo umekwisha, na walewale waliopigana wamepanga mstari wanapeana mikono, mmoja jicho limevimba, anatabasamu.

"Sasa hii ni nini?" mzee akauliza, na safari hii aliuliza kwa dhati. "Wamepigana, na hakuna aliyekasirika?"

Kiingereza cha picha kilikuwa kimekwenda zake sijui wapi. Nikasema la kwanza lililonijia mdomoni: "Hawa Wakanada na Waswidi ni watani."

"Aaaa!" Kijiji kizima. Vichwa vikatikisika. Ikaeleweka. Watu wakaanza kuelezana, kwamba bila shaka zamani Wakanada walipita nchi ya Waswidi na mizigo yao. Mzee akageuka kwa jirani yake, akasema, "Hapo sasa amesema neno."

Niliumia, nisiwafiche. Kweli yangu waliigaragaza chini, na uongo nilioutunga papo hapo wakaupokea kwa mikono miwili.

Tulipokuwa tunakunja shuka mzee akaja, bado anajifuta machozi ya kicheko. "Mtani," akasema, "siku utakayoyaleta hapa hayo maji magumu nikayashika kwa mkono wangu, nitakusikiliza kwa lolote."

"Kwa lolote, baba?"

"Kwa lolote."

Alikuwa anatania. Mimi sikutania.

Mjini Tabora kulikuwa na Mwarabu mwenye kiwanda kidogo cha soda, na ndani yake mashine ya kutengeneza barafu. Nilimweleza shida yangu. Alinitazama kwa huruma, akanikatia bonge la ukubwa wa tofali, akalifunga kwa gunia. Nikalifunga kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, nikapanda, nikakanyaga. Jua la Unyamwezi wakati wa kuvuna karanga mnalijua. Niliona matone kwenye vumbi nyuma yangu tangu sijatoka mjini. Nilipofika uani kwa mzee, nikafungua gunia mbele ya watu wote: gunia bichi. Nikalikamua, likatoa bakuli moja la maji.

Mzee alilitazama bakuli. Akauliza, "Ni nini?"

"Ni maji, baba. Lakini asubuhi yalikuwa magumu."

Sijui niwaeleze vipi kicheko kile. Alijishika mbavu, akaegemea ghala. Halafu akalinyanyua bakuli juu kwa mikono miwili, kama yuko kanisani, akawatangazia jirani: "Babu zake walimtoza babu yangu shanga kwa kata moja ya maji! Leo mjukuu ameona haya, ameyarudisha! Kwa baiskeli!" Akayanywa yote. Akasema yana ladha ya gunia.

Nilirudi Tabora nimekasirika, na kukasirika hairuhusiwi, kwa hiyo nilikasirika peke yangu njia nzima, nikiitukana baiskeli.

Ikabaki Jumamosi moja tu kabla ya ile Jumapili ya kumjibu karani. Mwarabu aliposikia yaliyonipata alichukia utafikiri barafu yake ndiyo imetukanwa. Alinipa bonge zito kuliko mfuko wa unga, tukalizika kwenye unga wa mbao ndani ya sanduku la chai, magunia juu, blanketi langu la kulalia juu ya magunia. Nikaondoka kabla jua halijapanda. Katikati ya njia mwiba wa mgunga ukatoboa gurudumu. Sikuziba. Nilikimbia nikisukuma baiskeli, rimu inagonga mawe, na kila mtu niliyepishana naye akaniamkia, "Mwangaluka," nami sikuitikia mtu. Wakasema Mgogo amechanganyikiwa, na hawakukosea.

Binti ndiye aliyeniona kwanza. Alikuja akashika upande wa pili wa sanduku. Tukaliweka chini mbele ya baba yake aliyekuwa anamenya karanga. Nikachimbua, unga wa mbao, unga wa mbao, unga wa mbao. Halafu likatokea. Lilibaki kama kichwa cha mtoto, jeupe, linatoa moshi.

"Chupa," mzee akasema.

"Shika, baba."

"Chumvi."

"Shika."

Akashika. Akaruka! "Linachoma!" Akaliachia, akalishika tena, akalitia kwenye shavu, akalinusa, akaligonga kwa jembe: ko, ko, ko. Hakucheka. Ilikuwa mara ya kwanza kukaa mbele yake bila kusikia kicheko, nikaogopa. Alilala kifudifudi akalitazama kwa karibu, halafu akainuka na kuvua kiatu. Kabla mtu hajamzuia, mzee wa kanisa akaweka unyayo juu ya barafu, akanyanyua mguu wa pili.

Kwa kitambo kidogo alisimama. Niliona kwa macho yangu, alisimama juu ya maji. Halafu barafu ikaenda mashariki na yeye magharibi, akafikia kwenye makalio katikati ya karanga.

Mtani yeyote wa kweli angecheka pale. Niliuma midomo. Binti alikuwa amejiziba uso kwa kanga, mabega yanamtikisika.

Mzee alibaki pale chini. Alisema polepole, "Kumbe kweli."

"Kweli, baba."

"Maji yanasimamiwa."

"Yanasimamiwa, baba."

Akaokota ganda la karanga kwenye goti, akalitazama. Akanitazama mimi, gurudumu langu lililopasuka, magunia, blanketi. Akamtazama binti yake. Uso wake ukaanza kubadilika.

"Na lile jambo la binti yangu?"

"Kweli, baba."

"Tangu lini?"

"Tangu picha ya mbu."

Alisimama. Akakasirika. Jamani, alikasirika! Sauti ilitoka kuanzia tumboni, Kiswahili kikamwishia akahamia Kinyamwezi. Mwaka mzima namtaka binti yake na namwacha yeye acheke? Mwaka mzima anakuja mshenga mwenye heshima zake, na yeye anamfungia ganda la muhogo? Nilitaka kumfanya aonekane mjinga mbele ya watu? Nani kanifundisha kumtaka mtoto wa watu kwa kucheka-cheka? Sina baba? Sina wajomba? Waje! Waje hapa, wakae chini, waseme kama watu!

Jirani walijaa uani, wameshangaa, maana hakuna aliyewahi kumwona Mnyamwezi akimfokea Mgogo.

Nilikaa chini nimeinamisha kichwa, nasema "ndiyo baba, nisamehe baba," na machozi yananitoka. Binti akainama kuokota karanga karibu yangu, akaninong'oneza, "Amekasirika!" na sauti yake ilikuwa inatetemeka kwa furaha.

Alinifokea mpaka barafu yote ikaisha.