Dilliram Alivyokwenda Ng'ambo ya Uchochoro

Mimi ndiye niliyemlaza Dilliram, kwa hiyo msisikilize ya watu wa sokoni. Nauza kofia hapa mjini Tansen, na nyumba yangu inatazamana na ya mama yake. Katikati ni uchochoro tu, ukikohoa huku unapewa pole kule.

Dilliram ni mpishi, mtu mzima mwenye mke na kipara, lakini mbele ya Mama Tulasa ni mtoto wa kutumwa chumvi. Alipata kazi ya kupika momo, yale maandazi ya nyama ya kuiva kwa mvuke, kwenye mkahawa huko Ufini. Viza ikatoka, kumbe inaanza kabla ya sikukuu ya Dasain, ambapo wazee hutupaka tika, ule mchele mwekundu wa baraka. Mama akasema kwa ule upole wake wa kuogofya, "Nenda tu, baba. Ila hujapakwa tika kwa mkono wangu, na mimi nimezeeka." Basi, usingizi ukamruka mtu mzima. Tangu azaliwe hajawahi kuikosa tika ya mama yake.

Tajiri wa mkahawa alikubali kumsubiri. Ikabaki ubalozi usogeze mbele tarehe ya kuanza viza. Ombi tuliliandikia dukani kwangu, mimi nikimsahihisha, yeye akinipuuza. Baadaye afisa akapiga simu kutaka sababu.

"Mama yangu hunipaka tika kwenye paji la uso," Dilliram akamwambia.

"Hawezi kukupaka mapema?"

"Kwani Krismasi kwenu mnaila mapema kwa sababu mtu ana safari?"

Nikajua tumekwisha. Lakini afisa naye nadhani ana mama mahali, maana tarehe ilisogezwa hadi baada ya sikukuu. Dilliram akaonywa asirudi na ombi jingine, la sivyo kazi atapewa mwenzake.

Mambo yangeishia hapo kama Mama Tulasa asingemwendea mnajimu. Mnajimu akaguna, akasema baada ya sikukuu hakuna siku njema ya kuondoka hata moja. Iliyopo iko kabla. Kwetu hilo lina dawa: siku njema ikifika unafunga kifurushi, unakipeleka nyumba nyingine, na hapo umehesabiwa umeondoka. Mwili utafuata ukipata nafasi.

Dilliram akafunga shati, mchele na popoo. Mama akamlilia mlangoni, majirani wakamuaga. Akavuka uchochoro, akaweka kifurushi kwenye rafu yangu, akanywa chai, akarudi kwao kula. Mama akamzuia mlangoni.

"Wewe si umesafiri?"

"Kilichosafiri ni kifurushi, mama. Mimi nina njaa."

"Aliyeondoka harudi. Ukivuka kizingiti hiki umeiharibu siku njema, na mimi sitaki kusikia ndege imeanguka."

Nyuma yake mke wa Dilliram alinyanyua mikono tu, kuonyesha ameshindwa. Mgeni akawa wangu, na anakoroma mpaka vyombo vinatikisika. Jioni Mama akapiga simu, amesimama dirishani kwake.

"Huko kuna baridi?"

"Mama, nakuona. Umevaa shali ya kijani."

"Utanionaje na wewe uko mbali? Unakula?"

"Nakula dengu ulizoniletea sasa hivi."

"Posta siku hizi ni wepesi," akasema, akafunga dirisha.

Tukaishi hivyo, mpaka siku moja kabla ya tika nikamuuliza, bila ubaya wowote, "Sasa wewe kesho utapakwa na nani?" Dilliram akaweka bakuli chini. Alikuwa amemsumbua afisa wa watu kwa ajili ya mkono ule mmoja, na sasa yuko ng'ambo. Nilimhurumia kweli. Akampigia mama yake.

"Mama, nije?"

"Ukija umeharibu safari."

"Basi nipake dirishani."

"Nimtupie mwanangu mchele kama kuku?"

Usiku ule hakukoroma.

Asubuhi watu wakaanza kupita na mapaji mekundu, na Dilliram ameketi kwenye kigoda changu anatazama ukuta. Mara mlango ukabishwa. Ni Mama Tulasa, amevaa koti la marehemu mumewe, soksi za sufu na kilemba cha shali, mkononi sahani ya mchele uliochanganywa na mtindi na rangi.

"Hirakaji," akaniita, "kwenu huku mtu anaingia bila viza?"

"Wazee tunawapokea, mama."

Akaingia akitazama kuta zangu, ambazo amezizoea miaka yote, kama mgeni kabisa. Dilliram akapiga magoti. Mama akambandika mchele kwenye paji, akamuombea umri mrefu, kisha mkono ukabaki pale pale.

"Ng'ambo hii nimeiweza kwa miguu yangu," akasema. "Hiyo nyingine sitaiweza, baba."

Dilliram akaanza kulia, jitu zima.

"Tulia, unanilowesha mchele," mama akamkemea, naye machozi yanamtoka. Akachota tena, akampaka tika ya mwaka ujao. Akachota ya mwaka utakaofuata, na ya ule mwingine, paji likajaa, akaendelea kupanda kipara taratibu mpaka sahani ikaisha.