Boti Niliyoizamisha Mwenyewe

Baba alizikwa mchana, nikiona. Nilikuwa upande wa Kitui, pale Mto Athi unapopinda chini ya soko letu, na kaburi lilikuwa upande wa Makueni, kwenye mteremko wa udongo mwekundu nyuma ya nyumba niliyozaliwa. Katikati yalipita maji ya rangi ya chai ya maziwa, yamebeba magogo na matawi mabichi. Watu wa ng'ambo walikuwa wadogo, lakini niliweza kutofautisha nani ameshika jembe na nani amesimama tu.

Habari ilikuwa imetufikia kwa njia tuliyozoea msimu wa mvua: mtu mwenye sauti husimama ukingoni na kupaza neno moja moja, huku akingoja kila neno liitikiwe. Nilipaza ombi kwamba wanisubiri mpaka maji yapungue. Jibu la baba mdogo, mdogo wake marehemu, lilikuja vipande vipande: "Maiti. Haingoji. Mto." Hakukosea. Upande ule hapakuwa na mahali pa kuhifadhi maiti, na daraja lilikuwa mbali, tena barabara ya kulifikia ilikuwa imekatika. Kwetu mtoto wa kwanza ndiye hutupa udongo wa kwanza kaburini. Udongo wangu ulitupwa na baba mdogo.

Maji yalipopungua nilikunja suruali nikavuka kwa miguu. Mama alinionyesha kaburi, kisha akanipikia isyo, mahindi na maharagwe, kama siku nyingine yoyote. Nilipokuwa nikiondoka nilimwomba ahamie kwangu.

"Nihame nimwachie nani hapa?"

"Mwaitu, mama yangu, mvua itakukata tena, uko peke yako."

"Basi uje wewe. Mimi sina miguu ya kuvuka. Wewe una nini?"

Nilirudi na swali hilo.

Wakati huo, miaka ya sabini ikikaribia kwisha, nilikuwa na kinu cha dizeli cha kusaga mahindi. Shule niliiacha darasa la nne. Injini nilijifunza kwa kusoma vitabu vya maelekezo vya viwandani ukurasa kwa ukurasa, kamusi ikiwa kando, na nilikuwa nimejijengea imani kwamba hakuna kitu kinachomshinda mtu anayesoma polepole. Kwa hiyo niliposikia kwamba ofisi moja ya serikali inauza vyuma chakavu na kwamba miongoni mwavyo kuna boti ya mbao iliyotoka ziwani, sikumwuliza mtu ushauri. Boti ililetwa juu ya lori la mkaa. Mbao zilikuwa zimegeuka kijivu kwa jua, na katikati ya ubao na ubao kidole kilipita. Ilikuja na injini yake ya petroli, ya kufungwa nyuma, ambayo propela yake ilikuwa imeliwa ncha zote. Sikuwa nimewahi kupanda boti maishani. Sikujua kuogelea, wala sikumjua mtu anayejua.

Jirani yangu sokoni, fundi wa nguo aliyeweka cherehani yake kwenye baraza iliyopakana na kinu changu, alipata cha kutania.

"Mzee, Nuhu aliambiwa na Mungu. Wewe umeambiwa na nani?"

"Na mama yangu."

"Ah, huyo ni karibu sawa. Na hilo sanduku ni la watu wangapi? Kwa macho yangu naona jeneza la ukoo mzima."

Watu waliokuwa wakingoja unga walicheka sana, nami nikacheka kidogo. Siku ile nilifunga kinu mapema.

Injini haikunisumbua. Niliifungua yote juu ya gunia, nikasafisha kabureta, nikabadilisha plagi, nikachonga propela kwa tupa mpaka pande zake zikalingana. Niliifunga kwenye pipa lililokatwa nusu na kujazwa maji, na ilipowaka ilirusha maji hadi kwenye cherehani ya fundi wa nguo. Nilidhani kazi ngumu imekwisha.

Zilibaki zile nyufa. Sisi ni watu wa nchi kavu, na kitu kilichopasuka huku huzibwa. Tangi likipasuka tunaziba, ukuta ukipasuka tunaziba, tena tunaziba kwa kitu kigumu. Nilichanganya vumbi la mbao na gundi, nikashindilia kila mwanya, na mianya mikubwa nikaigongomea vipande vya mti mgumu mpaka nyundo ikadunda. Kisha nikapaka lami. Nilipomaliza, nilipiga ubavu wa boti kwa ngumi ukalia kama meza mpya. Niliridhika.

Mvua za mwisho wa mwaka zilianza kunyesha huko mto unakotoka kabla hazijafika kwetu. Mto ulipopanda tuliiteremsha boti, nikaifunga kwenye mti mahali penye maji yaliyotulia. Haikuingiza hata tone. Kesho yake nilisikia sauti ndani yake, kama mtu anayesaga meno. Siku iliyofuata nilikuta mbao mbili za ubavuni zimeng'oka kwenye mataruma, miti inayozishikilia kwa ndani, misumari imechomoka nje, na maji yamejaa hadi nusu. Hakuna aliyeigusa. Hakuna gogo lililoigonga. Ilikuwa imejipasua yenyewe.

Tuliivuta juu. Nilikaa nyumbani bila kwenda kinuni, nikihesabu hatua zangu zote upya kichwani, na kila hatua ilikuwa sahihi. Mto ulikuwa tayari hauvukiki kwa miguu. Nilikuwa nimejiahidi kumfikia mama hata mto ukijaa, na mvua zilikuwa zimekuja kabla sijaweza.

Mke wangu alikuwa akijiandaa kupanda kunde. Mlangoni kulikuwa na karai la maji, na ndani yake jembe lenye mpini uliolegea. Kila mtu Ukambani hufanya hivyo: unaloweka jembe usiku, mti unavimba, asubuhi chuma hakichezi. Nimefanya hivyo tangu utotoni. Nililitazama jembe lile kwa muda mrefu, mpaka mke wangu akauliza, "Baba watoto, jembe limekukosea nini?"

Mbao zangu zilikuwa zimekauka kwa miaka. Zilipopata maji zilitaka nafasi yao, na nafasi hiyo mimi nilikuwa nimeijaza mti mgumu na gundi. Zilikosa pa kwenda, zikang'oka.

Nilitoa kila kitu nilichokiweka. Nilirudisha mbao mahali pake kwa misumari mirefu zaidi, nikatia kwenye nyufa nyuzi za pamba zilizochovywa katika lami laini na mafuta, bila kushindilia. Baadaye sana nilisoma kwamba watu wa pwani wana neno la kazi hiyo, kalafati, na kwamba ni kazi ya kizazi na kizazi. Kisha nikaipeleka boti kwenye maji ya kina kifupi, nikaijaza mawe, nikaizamisha ilowe kama lile jembe.

Fundi wa nguo aliacha cherehani akaja kuona kwa macho yake. Hakutania. Aliniuliza taratibu, "Mzee, unalala usiku?"

Ilikuwa bado chini ya maji sauti ilipotoka ng'ambo: "Mama! Kifua! Hajala!"

Niliitoa mawe siku hiyohiyo, nikayachota maji. Nyufa zilikuwa zimejifunga, si zote. Nilivuka nikielekeza pua ya boti juu ya mkondo, mke wangu akisukuma magogo kwa mti mrefu. Sikumbuki woga, nakumbuka kusikiliza injini. Mama tulimkuta amekaa mlangoni, pumzi fupi, amejifunga leso yake ya kanisani.

"Umechelewa," alisema. Kisha akaitazama boti. "Hii kitu inavuja."

"Kidogo, Mwaitu. Ndivyo mbao zinavyotakiwa kuanza."

"Nani alikwambia?"

"Jembe."

Alicheka mpaka kikohozi kikamshika. Njia yote alikaa chini kwenye sakafu ya boti, akichota maji kwa sufuria ndogo na kuyarudisha mtoni, sufuria baada ya sufuria, kama mtu aliyepewa kazi yake.

Tulimfikisha hospitali mjini Kitui. Kwa siku chache alionekana kupata nafuu, na mara mbili aliniambia, "Usiniache huku ng'ambo." Kwake yeye, upande wetu ndio uliokuwa ng'ambo. Akafa maji yakiwa bado yamejaa.

Kwa hiyo safari ambayo boti ile ilifanya kwa uzuri kabisa, bila kuvuja tone, ilikuwa ya kumrudisha. Jeneza lilienea kutoka kiti cha mbele hadi miguuni pangu. Nilipofika upande wa Makueni nilikuta kaburi limechimbwa kando ya lile la baba na wingu limesimama juu ya vilima. Nilimshusha, nikageuza boti. Nilimleta dada yangu na watoto wake, nikageuza. Niliwaleta wanangu, wanawake wa kanisa, na mwinjilisti aliyefumba macho na kuomba kwa sauti tangu ukingo hadi ukingo.

Baba mdogo alinifuata majini. "Mvua hiyo inakuja. Tuanze."

"Bado."

"Nani amebaki?"

"Fundi wa nguo."

"Huyo hata si wa ukoo."

"Amesimama ng'ambo," nilisema.

Alinitazama, kisha akatazama ng'ambo. Nilirudi. Fundi wa nguo alipanda kwa magoti, akakumbatia ukingo wa boti kwa mikono yote miwili, na hakufungua kinywa mpaka tulipogusa mchanga. Matone ya kwanza yalikuwa yakianguka. Nilifunga kamba kwenye mti, nikapanda mteremko, na mkono niliochotea udongo ulikuwa unanuka petroli.