Kidole Juu

Kila asubuhi, kabla ya kufungua kibanda chake cha kuwawekea watu nyimbo kwenye simu, hapa sokoni Alunguli, mzee huyu hufuta spika kwa upindo wa shati na kupiga wimbo mmoja wa gitaa usio na maneno. Katikati, gitaa hushuka na kuwa kama linanong'ona. Hapo huinua kidole, nasi sote hunyamaza. Akikishusha, kazi huanza. Mikono yake ni mizito, lakini hushika kadi ya simu kama punje ya mchele. Kila mteja humwongezea wimbo ambao hakuuomba: mpenda rumba hupewa kasida, mwanakwaya hupewa rumba. "Onja kwanza," husema kwa sauti ya chini.

Kuhusu ule wa gitaa, watu hawakubaliani unasimulia nini. Mama Rachida, muuza samaki, husema, "Hii njo ya ndoa, bibi-arusi anachelewa." Juzi mchimbaji mmoja aliyerudi kutoka machimbo ya Kama alimcheka. "Hapana, mama! Njo muntu anarudia kwake mikono mitupu. Tena gitaa yako iko bubu, papa!" Mzee alicheka nao, kidole kikiwa bado juu.

Jana nilimkuta peke yake, nikajikaza kumuuliza kwa nini hakuna anayeimba.

"Wakati wa vita tulirekodi gitaa kwanza," alisema. "Muke wangu akasema anaenda shamba kutafuta sombe, majani ya muhogo, akirudi njo ataimba. Pale ninainuaka kidole njo nafasi yake."